Mrithi Anayetakiwa Kujua Nusu

Katika watu wote waliowahi kuonja kahawa kwa mshahara mjini Iringa, mimi ni wa pili kwa ubora. Nasema wa pili kwa sababu niliyatamka hayo mwenyewe mbele ya afisa wa serikali, na mtu wa hadhi yangu hawezi kusema jambo moja mbele ya afisa na jingine kitabuni. Atakayesoma mpaka mwisho atajiamulia.

Mimi ni mtoto wa Soweto, Mbeya. Shule ya serikali ilinifikisha ilipoweza, halafu ikaniacha pale pale, na tangu hapo sijabebwa na mtu. Nauli ya kwenda Ujerumani niliitafuta Chunya, kwenye mashimo ya dhahabu, nikitoka jioni nimejaa vumbi kiasi kwamba mama mwenye nyumba alinitambua kwa sauti. Nimerudi na diploma ya ukaangaji wa kahawa. Ina muhuri uliovimba. Ukipitisha kidole juu yake unausikia. Nimewahi kuwaruhusu watu wengi kuupitishia kidole.

Kule Ujerumani nilikuwa mtaalamu kutoka nje. Nalitaja hili mapema kwa sababu wapo wanaodhani vibali vya kazi ni shida ya wageni wanaokuja kwetu tu. Nimekaa kwenye korido ya ofisi ya wageni, bahasha ya vyeti ikiwa magotini, nikisubiri mlango ufunguliwe na jina langu litamkwe vibaya. Mama mmoja mwenye miwani alimuuliza mwajiri wangu kwa nini kazi hii isifanywe na Mjerumani. Mwajiri wangu, mtu mkweli, akajibu kwamba Wajerumani wenye ujuzi wapo, ila hawataki kuamka saa kumi alfajiri kuwasha tanuri. Yule mama akaandika kitu, na hivyo ndivyo nilivyotambuliwa kuwa mtaalamu.

Niliporudi, nikapata kazi ya ukaangaji kwenye kiwanda kidogo cha kahawa pale Ipogolo, chini ya mji, barabara kuu ikipita mbele yake na malori ya Zambia yakitingisha vioo vyetu mchana kutwa. Mwenye kiwanda ni Mhehe wa kule kule, mtu mnene, mpole, mwenye utani. Siku ya kwanza aliniangalia skafu yangu na kofia yangu ya ngozi, akasema:

“Karibu, Mjerumani. Lakini ujue uko Iringa. Sisi na Wajerumani tunafahamiana tangu zamani.”

Jina likanata. Kuanzia mlinzi hadi wapakiaji, nikawa Mjerumani. Sikulikataa. Kuna majina mabaya zaidi.

Kitu kimoja tu kilinikera. Nafasi ya mwonjaji mkuu, ambayo kwa haki ilikuwa yangu, ilikuwa imeshachukuliwa. Aliikalia mwanamke wa makamo kutoka Karonga, Malawi, mwenye leseni ya uonjaji inayotambuliwa na wanunuzi wa ng’ambo. Kahawa yetu ilitoka kwa wakulima wa milimani kuzunguka Mbeya, na wale wanunuzi hawakuichukua bila saini ya mtu mwenye leseni hiyo. Bosi alitangaza nafasi magazetini, akasubiri, hakutokea Mtanzania hata mmoja mwenye sifa, na kwa sababu hiyo yule mama akapewa kibali cha kazi, kisha cha ukaazi. Mwezi mmoja baadaye nikatua mimi. Ningetangulia kidogo, asingepata. Nilimwambia hivyo siku tuliyotambulishwa, kwa nia njema, ili ajue bahati yake.

“Basi namshukuru Mungu kwa kuchelewesha ndege yako, kaka,” alisema.

Leseni yake ilikuwa cheti, yangu ni diploma, na kila mtu katika nchi hii anajua diploma iko juu ya cheti. Nilijaribu kumweleza bosi. Akasema wanunuzi hawajui hivyo.

Sasa, serikali yetu haitoi kibali kwa mgeni hivi hivi. Inamtaka mwajiri ataje Mtanzania atakayefundishwa ile kazi, ili siku moja mgeni aondoke na ujuzi ubaki. Mtu huyo huitwa mrithi. Bosi alinitaja mimi. Nilisikia neno “mrithi” nikalipenda, nikatia saini kabla hajamaliza kueleza kwamba kwa mujibu wa mpango huo mimi ni mwanafunzi.

Nitasema ukweli kuhusu mafunzo hayo. Alinifundisha namna ya kutoa alama wanazozielewa wanunuzi, na namna ya kuonja vikombe vingi mfululizo bila ulimi kuchoka. Hayo alinifundisha. Kuonja kwenyewe nilikuja nako. Lakini tulipatana. Alikuwa akichekesha, na Kingonde chake cha Karonga na Kinyakyusa cha nyumbani kwetu ni lugha moja, kwa hiyo tukitaka kumsema bosi tulimsema akiwepo. Mama mfagiaji, anayetoka Tukuyu, kwa muda mrefu alikataa kuamini kwamba yule ni mgeni. “Huyu ni wa kwetu,” alisema. “Mgeni ni huyo mwenye skafu.”

Mtaalamu, ndivyo tulivyomwita, alikuwa na binti mmoja tu, na baba wa binti alishafariki. Binti alisoma sekondari pale Iringa, kidato cha nne. Mtihani wa taifa ulikuwa Novemba, na kibali cha mama kilikuwa kinaisha Agosti. Kisipoongezwa, wote wawili wangevuka mpaka wa Kasumulu kurudi kwao, ambako mitaala ni mingine, na yule mtoto angeanza upya madarasa aliyokwisha kuyamaliza. Nilimwona mama yake akiacha kucheka kuanzia mwezi wa tano. Alianza kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Mwezi wa sita, baridi ya Iringa ikiwa imeshika, tukaarifiwa kwamba afisa kazi atakuja kukagua kabla maombi ya kuongeza muda hayajapelekwa mbele. Bosi akaniita ofisini, akafunga mlango.

“Mjerumani, huyo afisa atakuuliza wewe. Wewe ndiye mrithi.”

“Aniulize. Nimeulizwa na Wazungu.”

“Ndicho ninachokiogopa. Sikiliza. Ukimwambia unajua kazi yote, atasema, kama Mtanzania anajua, mgeni wa nini? Mama wa watu anaondoka.”

“Sawa. Nitasema sijui.”

“Hapana! Ukisema hujui, atasema muda wote huu mmefundisha nini? Mpango ulikuwa karatasi tu. Mama anaondoka, na mimi napigwa faini.”

“Sasa niseme nini?”

Bosi aliuinua mkono wake mnene, akaukata hewani katikati. “Ujue nusu.”

“Nusu ya nini?”

“Ya kahawa. Unajua, lakini bado. Umefika, lakini hujafika. Ukionja, unapata moja, unakosa moja. Uso uwe wa mtu anayejitahidi.”

Nilimwambia sina uso wa namna hiyo. Akasema nikautafute.

Nilifikiria jambo hilo kwa uzito kuliko alivyotarajia. Bosi alikuwa ameshaniambia waziwazi kwamba Mtaalamu akikosa kibali, nafasi yake ni yangu, pamoja na nyumba ya kiwanda yenye bustani. Leseni ningeifuata Nairobi kwa wiki chache, maana kwa mtu aliyekwisha kujua, mtihani ni utaratibu tu. Kwa hiyo nilichotakiwa kufanya ili nipande cheo ni kuwa mimi mwenyewe mbele ya afisa, jambo ambalo nalifanya kila siku bila kuombwa. Na nilichotakiwa kufanya ili yule mtoto afanye mtihani wake ni kuwa mtu mwingine, tena wa wastani.

Nikaenda chumba cha kuonjea, nikamkuta Mtaalamu anafuta meza.

“Dada, nimeamua. Siku ya afisa nitakosea.”

Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano akacheka, akacheka mpaka akashika meza.

“Wewe? Ukosee? Huwezi, kaka.”

“Naweza. Nikiamua kukosea, hakuna atakayekosea kama mimi.”

“Haya, tuone.”

Kuna zoezi ambalo waonjaji wote hulifanya. Unapewa vikombe vitatu. Viwili vina kahawa ile ile, kimoja kina tofauti. Unachota kwa kijiko, unavuta kwa kishindo ili kahawa itawanyike mdomoni, unatema, unakwenda kinachofuata. Kisha unasema kipi ni cha tofauti. Akaandaa vitatu. Nikavuta, nikatema. Kilikuwa cha katikati, wazi kabisa. Nikaonyesha cha kushoto.

“Vizuri,” akasema. “Umekosea.”

“Nimekosea,” nikasema, “ingawa mtu angeweza kukichagua cha kushoto kwa sababu kimepoa haraka, kimekaa karibu na dirisha, na ukali wake umejificha, wakati hiki cha katikati kwa kweli ni…”

“Umeona?”

Tukarudia. Mara ya pili nilikosea, nikanyamaza, lakini akasema nimekunja mdomo kama mtu anayemsamehe mwenzake. Mara ya tatu nilikosea vizuri, bila neno na bila uso, na nilifurahi sana, nikamuuliza kama amewahi kuona mtu akikosea kwa ufasaha namna ile. Akaweka kijiko chini.

“Kaka, acha. Tutamwachia Mungu.”

Siku ikafika. Afisa alikuja asubuhi, ukungu bado umelala barabarani. Alikuwa mwanamume wa umri wangu hivi, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, mwenye upole ule wa watu waliokulia na mifugo, ambao hawapazi sauti kwa sababu ng’ombe hushtuka. Baadaye alitueleza kwamba wazazi wake ni Wasukuma waliohamia tambarare za Usangu na ng’ombe wao kabla hajazaliwa. Yeye amezaliwa huko Usangu, na kahawa hanywi.

Shida ilianzia getini. Aliuliza kama kuna mtu ndani, na mlinzi wetu, kwa heshima zote, akamjibu:

“Mama wa Malawi yupo, na Mjerumani naye yupo.”

Afisa akaingia akiwa na kasi ambayo hakuja nayo. Sisi watatu tulikuwa tumejipanga chumba cha kuonjea. Alimpita Mtaalamu, ambaye alimwamkia kwa Kiswahili safi, akapita bosi, akasimama mbele yangu, akaangalia skafu, kofia, na viatu vyangu vya theluji.

“Wewe ndiye Mjerumani?”

“Ndiye mimi,” nikasema, kwa mazoea.

“Kibali chako kiko wapi?”

“Kibali cha nini?”

“Cha kufanya kazi nchini. Hapa nina faili la mgeni mmoja tu, mwanamke, Mmalawi. Bosi, mna Mjerumani humu ndani na hamjamsajili?”

Bosi akaanza kutoka jasho katika baridi ile. “Mheshimiwa, hilo ni jina la utani. Huyu ni wa Mbeya.”

“Mbeya wapi?”

“Soweto,” nikasema.

“Soweto!” Afisa akamgeukia bosi. “Umesema Mbeya, yeye anasema Afrika Kusini. Mkubaliane basi.”

“Soweto ya Mbeya, ndugu yangu!” nikasema. “Ukitoka Mwanjelwa. Nimezaliwa pale, nimekatwa kitovu pale.”

“Mbona unaongea hivyo?”

Kwamba ninaongeaje, sijui mpaka leo. Nilitoa kitambulisho cha taifa. Alikiangalia mbele, nyuma, akaniangalia mimi. Mtaalamu alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanatetemeka, nilijua anacheka. Mama mfagiaji, aliyekuwa mlangoni na fagio lake, akasema kwa sauti, “Mimi nilisema tangu zamani.”

Afisa akanirudishia kitambulisho. “Samahani, ndugu. Kazi yetu ndiyo hii. Basi mrithi ni nani?”

“Ni huyo huyo,” bosi akasema, kwa sauti ndogo.

Tukakaa. Afisa akauliza maswali yake kwa utaratibu. Kazi ya mwonjaji ni nini, leseni inatoka wapi, kwa nini wanunuzi wanaitaka. Mtaalamu alijibu vizuri. Halafu akanigeukia, akaniuliza nimefika wapi katika mafunzo.

“Naendelea,” nikasema. Ilikuwa kama kumeza jiwe, lakini lilipita. “Naendelea vizuri, ila bado.”

Niliona bosi akipumua.

“Tunaweza kuona?” afisa akasema. “Msinisomee karatasi. Nataka kuona mtu anaonja.”

Mtaalamu akaandaa vikombe vitatu, akaviwekea alama chini ya visahani, mimi nikiwa nimegeuka. Namfahamu, na ninajua alichofanya: alichagua tofauti kubwa, ya wazi, ili hata nikibahatisha nipate, kisha niendelee kukosea mahali pengine kwa usalama. Nikachukua kijiko. Nikavuta. Afisa akashtuka kwa ule mlio.

“Kwetu ukinywa maziwa hivyo unatolewa nje,” akasema.

Nikatema. Nikavuta cha pili, cha tatu. Cha kulia kilikuwa kinapiga kelele. Mbuzi angekijua. Nikatuliza uso, nikaonyesha cha kushoto.

Mtaalamu akainua kisahani. “Sicho.”

Nilikuwa nimefanya vyema. Hakuna mtu duniani angeweza kujua. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu afisa hakukasirika. Alinionea huruma.

“Si kosa lake,” alimwambia bosi, kama vile sipo. “Wengine kitu hakikai kichwani, hata wakifundishwa. Amesoma mpaka wapi?”

“Ana diploma,” bosi akasema.

“Ya nini?”

Bosi alifikiri haraka. Mtu mwenye diploma ya kahawa asiyejua kuonja kahawa ni balaa nyingine. “Ya… mambo ya mashine.”

“Ya wapi?”

“Ulaya.”

“Aaa.” Afisa akatikisa kichwa polepole. “Za Ulaya. Siku hizi wanazigawa tu.”

Nimesikia matusi maishani. Chunya nimetukanwa na watu waliokuwa wameshika sururu. Lakini sijawahi kusikia kitu kama kile, tena kikisemwa kwa upole, na mtu anayenyoosha koti lake.

“Ni cha kulia,” nikasema.

“Basi, ndugu, umeshajaribu…”

“Ni cha kulia! Hivi viwili ni kahawa moja, ya milimani juu ya Mbeya, imeoshwa vizuri, imekaushwa juu ya kitanda cha waya. Hiki cha kulia kimetoka mlima ule ule lakini upande wa chini, kwa mkulima aliyeanika kwenye turubai, tena akasahau kuifunika, ikapata umande. Baada ya hapo ikakaangwa na mtu aliyekuwa anaongea na simu, kwa sababu imepitiliza kidogo mwishoni, na kahawa hiyo ameikaanga bosi mwenyewe, maana mimi juzi nilikuwa Mbeya.”

Bosi akakohoa.

“Hii ya vikombe viwili,” niliendelea, maana nilikwisha kufunguka, “wanunuzi wataipenda, lakini wasiiweke zaidi ya msimu mmoja. Niletee vikombe vingine. Leta kumi. Nifunge macho.”

Lori lilipita nje na vikombe vikalia kwenye visahani. Mtaalamu akainua kisahani cha kulia, akamwonyesha afisa ile alama, akakirudisha mahali pake taratibu sana. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake.

Afisa aliegemea kiti. “Kumbe unajua.”

Bosi alifumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

“Unajua yote haya,” afisa akasema, “na mara ya kwanza ulikosea kwa nini?”

“Niliona haya, mheshimiwa,” nikasema. Naamini ni sentensi ya pekee ya aina hiyo niliyowahi kuitamka.

“Sasa niambie. Haya ya umande na turubai, umeyatoa wapi? Hayo si mambo ya mashine. Nani amekufundisha?”

Lilikuwa swali dogo, na jibu lake lilikuwa mdomoni limeshavaa viatu. Ningemwambia habari za mji wa bandari nilikosomea kule Ujerumani, za mwalimu wangu mzee aliyenipigia makofi mbele ya darasa zima, za muhuri uliovimba. Diploma ilikuwa kwenye begi langu, hatua chache tu kutoka pale. Ningeitoa, angepitisha kidole, na angefuta ile kauli yake ya kugawa. Na mara hiyo hiyo angeelewa kwamba mgeni huyu hakunifundisha chochote ambacho kiwanda kilikihitaji, na kwamba Mtanzania mwenye ujuzi yupo, amekaa mbele yake, amevaa skafu.

Mtaalamu alikuwa ameweka bahasha yake ya vyeti magotini. Nilikuwa sijaiona hadi wakati ule. Aliishika kwa mikono miwili, kwenye pembe, kama inavyoshikwa na kila mtu aliyewahi kukaa kwenye ile korido. Mimi niliishika hivyo hivyo.

“Huyu,” nikasema.

“Nani?”

“Huyu mama. Amenifundisha yeye.”

“Yote?”

“Yote. Kabla yake nilikuwa mtu wa mashine.”

Afisa alimgeukia Mtaalamu, akamtazama kwa heshima mpya. “Mama, umefanya kazi. Mimi nakagua sehemu nyingi. Nyingi naoneshwa mrithi ambaye hata jina la kazi yake halijui.”

Bosi akafumbua jicho moja. “Kwa hiyo, mheshimiwa, kwa kuwa sasa Mtanzania anajua…”

Nilitamani kumpiga teke. Lakini afisa alikuwa anafikiri kivyake, na alifikiri kama mtu wa Usangu.

“Anajua mmoja,” akasema. “Kwetu sisi, kijana mmoja akishajua kuchunga, mzee aliyemfundisha hatumwondoi zizini. Tunamletea wengine. Huyu mmoja akipata kazi Nairobi kesho, kiwanda kinabaki na nani? Na huyu, kwa anavyoongea, Nairobi watamchukua.” Alinitazama. “Mama anafundisha, ushahidi ninao. Nitapendekeza aongezewe, kwa sharti mmtajie warithi wengine wawili. Na huyu bwana awe mfano wao.”

Alipoondoka, bosi akasema, “Nilikuambia nusu.” Halafu akaenda nje kumtafuta mlinzi, na tulimsikia akimwuliza kwa Kihehe maswali marefu.

Mtaalamu aliniletea maji. “Kaka, lile neno limekuuma.”

“Neno gani?”

“Kwamba mimi ndiye niliyekufundisha.”

“Halikuniuma.”

“Ulikunja uso kama mtu aliyemeza kwinini.” Kisha akasema “ndaga”, asante ya kwetu, mara moja tu, kwa sauti ya chini, nami nikayanywa yale maji yote.

Kibali cha kazi kilitoka kabla Agosti haijaisha, na cha ukaazi kikafuata. Pendekezo la afisa lilisaidia, sina shaka, na ninafahamu lilitokana na kitu gani. Warithi wawili wapya walianza, na kila asubuhi Mtaalamu aliwaambia wanitazame mimi ili waone mwanafunzi wake alipofika. Nilikwenda kwetu Soweto kusalimia, na nikakuta habari imenitangulia, sijui kwa njia gani. Mama yangu alinikaribisha chai, kisha akauliza, “Mwanangu, kwani kule Ujerumani ulikuwa unafanya nini miaka yote ile?” Nikamwambia mambo ya mashine. Kumweleza vinginevyo kungehitaji kumwambia pia anyamaze, na mama yangu hajawahi kunyamaza.

Novemba, binti alifanya mtihani wake. Siku ya mwisho wa mtihani mama yake alipika wali na kuku, akanialika. Binti alikuwa bado na sare, wino kwenye kidole, na amechoka kwa furaha. Aliniamkia, akaniwekea chakula, akakaa mbele yangu.

“Anko, ni kweli yale wanayosema kiwandani? Kwamba kila unachojua kuhusu kahawa, mama ndiye aliyekufundisha?”

Mama yake aliacha kupakua. Nilimwona akisubiri, upawa umesimama hewani, na sikuona kwenye uso wake dalili ya kuniomba kitu. Kibali kilikuwa kimeshatoka. Hapakuwa na afisa. Begi langu lilikuwa kando ya kiti, na ndani ya begi, kama siku zote, kulikuwa na diploma yangu.

“Kila kitu,” nikamwambia yule mtoto. “Lakini usidhani alipata shida. Alipewa mwanafunzi mwenye akili kuliko wote aliowahi kukutana nao.”

“Hilo ni kweli,” mama yake akasema, akaniongezea nyama.